Mshale Uliogeuzwa Mara Mbili

Siku hiyo joto liliwavuta watu dukani kuliko tangazo lolote. Duka la vifaa vya umeme lilifurika. Kila mtu alitaka feni, na kila mtu aliitaka sasa hivi. Katikati ya msukumano huo alisimama dada mmoja aliyevaa gauni la rangi ya chungu kipya, miwani ameisukuma juu ya nywele. Alikuwa ameshika panga la feni kwa mikono miwili, analipinda polepole, sikio amelitega kama daktari anayesikiliza kifua.

"Dada!" muuzaji akapiga kelele. "Hiyo ni mali ya watu!"

"Ndiyo maana naiuliza kama itadumu."

"Unanunua feni au unaipa mtihani?" sauti nyingine ikauliza nyuma yake. Aligeuka. Alikuwa kaka mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi mpaka likakaribia kuongea, mikono ameikunja hadi viwikoni.

"Naipa mtihani. Ikifaulu naichukua."

"Na ikifeli?"

"Itafelia hapa." Akagusa mahali panga linapoungana na kitovu cha feni. "Shinani. Vitu vingi hufia shinani."

"Maskini wanaokuchumbia! Nao unawapinda hivi?"

"Hajafika wa kupindwa," akasema, kisha akajishangaa kwa nini amemjibu mtu asiyemjua.

Simu yake ikalia. "Shikamoo mama. Hapana, bado... Ndiyo, nimesali kabla ya kutoka... Mama, feni haiombewi, inapimwa!" Alipokata simu, kaka wa shati jeupe alikuwa amemezwa na umati. Dada akanunua feni nyingine kabisa, na njia nzima akajiuliza kama angechukua ile ya kwanza.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kazini walimwita Bi Wasiwasi, na hakukasirika. "Wasiwasi ndiyo akili," aliwajibu, "na mimi nimeajiriwa kwa ajili hiyo." Kampuni yao ilitengeneza mitambo ya kufua umeme inayozamishwa mahali penye mkondo mkali wa maji. Ni kama feni iliyokaa chini ya maji na kufanya kazi kinyumenyume: badala ya umeme kuzungusha mapanga, mkondo huzungusha mapanga na umeme ukazaliwa. Kazi ya Bi Wasiwasi ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kulivunja kila panga kabla mkondo haujalivunja. Je, maji yakija kwa hasira? Je, yakipiga panga mchana na usiku kwa miaka? Je, gogo likipita? Jioni alirudi nyumbani maswali hayajaisha. Akakagua jiko kama limezimwa, akalikagua tena, akapiga magoti kusali, na katikati ya sala akainuka kwenda kujaribu kitasa cha mlango.

"Mungu anakusubiri hapo ulipomwacha," mama yake humwambia. "Rudi umalizie."

Jumatatu, Mkurugenzi, mama mwenye sauti ndogo na saa kubwa ya mkononi, aliingia ofisini na mgeni. "Huyu ndiye msanifu wetu mpya. Yeye atachora umbo la mapanga. Ametoka kwenye mitambo ya upepo." Mgeni alivaa shati la bluu safari hii, ila pasi ilikuwa ileile.

"Ile feni ilifaulu?" akamnong'oneza.

"Ilifeli. Hata niliyoinunua mama hataki kuisikia." Bi Wasiwasi akashusha miwani ili apate pa kujifichia. "Lakini Msanifu, hapa si kwenye upepo. Maji ni mazito kuliko hewa mara mia nane na ushee. Upepo unabembeleza. Maji hayabembelezi."

"Basi nibembeleze wewe kwa niaba yake."

"Kazini?"

"Hata saa ya chai inatosha."

Akacheka, na meza ya pili ikageuka, maana kicheko chake hakikuwa kitu cha kusikika kila siku.

Mapenzi yao yalianza kwa ubishi. Msanifu alitaka panga jembamba, kwa kuwa jembamba hukata maji vizuri. Bi Wasiwasi alitaka nene, kwa kuwa nene halivunjiki. Waligombana juu ya unene huo kama wazazi wanaogombania lishe ya mtoto. Siku moja Bi Wasiwasi, bila kumwambia mwenzake, akaongeza kwenye shina tabaka za faibaglasi, zile nyuzi za kioo zinazojenga panga. Msanifu aligundua wiki iliyofuata, akaja na kikombe cha chai mkononi.

"Umeninenepeshea mtoto wangu?"

"Alikuwa na miguu kama njiti."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa," akakubali, akacheka, na mambo yakaishia hapo. Laiti wangejua, hapo ndipo yalipoanzia.

Wazo kubwa lilimjia Msanifu wakiwa wanavuka soko. Watu walikuwa wengi, wakapishana nao kwa shida, na ghafla akasimama. "Umeona, Wasi? Mtu akikutana na umati hatembei kifua mbele. Anageuza bega. Kwa nini panga letu lisigeuze bega?"

Bi Wasiwasi akaelewa papo hapo. Nyuzi za faibaglasi zikilazwa mshazari, panga likipindwa na maji mengi litajisokota lenyewe kidogo. Litageuza uso, maji ya ziada yapite, shina lipumzike. Lingebaki jembamba bila kuvunjika. Yeye na mwenzake wangepata wote wawili walichokitaka.

"Panga la kunyenyekea," akasema.

"Kama mimi kwako, laazizi."

"Wewe? Unyenyekevu wako umeuficha wapi, nipige picha?"

Wakafanya kazi kwa furaha ya watu waliotoka kufunga. Jioni walipigiana simu. "Umekula?" "Nimekula. Umepiga hesabu?" "Nimepiga. Nakupenda." "Hesabu imesemaje?" "Wasi! Nimesema nakupenda." "Nimesikia, kipenzi. Nauliza hesabu." Mama yake alisikiliza kutoka jikoni na kutikisa kichwa. Bi Wasiwasi alimwomba Mungu jambo moja tu siku hizo: Bwana, huyu asiwe wa kupita.

Panga hilo lingekuwa la kwanza la Msanifu katika kampuni ile, na Mkurugenzi hakuwa mtu wa kusamehe makosa ya kwanza. Kwa hiyo Bi Wasiwasi alipoingiza mchoro kwenye kompyuta na kuona panga likijisokota vibaya, aliogopa kwa niaba yake. Badala ya kugeuza bega, lilikuwa linakabili maji kifua wazi. Akatafuta sababu mpaka akaipata. Mshale unaoonyesha mwelekeo wa nyuzi ulikuwa umechorwa kwenda kulia. Ulipaswa kwenda kushoto. Akaugeuza, akajaribu tena, panga likanyenyekea vizuri.

Akakaa akiutazama mshale ule. Amwambie? Msanifu angeona haya. Na Mkurugenzi akijua, ingekuwa maneno. Mapenzi yakamwambia: msitiri. Akachapa mchoro wenye mshale wa kushoto, akaenda karakana mwenyewe, akaubandika ukutani juu ya ule wa kwanza. Akamshukuru Mungu kwa kumfumbua macho mapema, akalala vizuri, jambo ambalo lingemtia shaka kama angekuwa macho.

Siku ya majaribio karakana ilijaa. Panga lilifungwa shinani kwa boliti kwenye ukuta wa chuma, likanyooka hewani, jeusi na laini, refu kuliko watu wawili. Vipimo vidogo vilibandikwa juu yake kama plasta. Msanifu alivaa suti, Bi Wasiwasi gauni jipya la kijani chini ya koti la kazi. Jeki ikaanza kuivuta ncha chini, polepole, kama maji yatakavyoisukuma.

Panga likapinda. Bi Wasiwasi akasubiri bega.

Halikugeuka. Likajisokota upande wa pili, likakaza uso, na shinani pakasikika mlio kama wa mwanzi mkavu unaokanyagwa. Kisha wa pili. Kisha panga likapasuka.

"Nyuzi mlizilaza kwenda wapi?" Mkurugenzi akamuuliza fundi mkuu.

"Kulia, mama. Kama mchoro unavyosema."

"Kushoto!" Bi Wasiwasi akasema. "Mchoro ulikuwa wa kushoto. Niliubandika mwenyewe."

Fundi mkuu akajikuna shavu. "Kwanza ulikuwa wa kulia. Ukaja wa kushoto. Halafu ukaja tena wa kulia. Nikadhani wakubwa wamekaa wakakubaliana."

"Niliurudisha mimi," Msanifu akasema taratibu. "Nilipita asubuhi nikaona umegeuzwa."

"Ukaurudisha bila kuniuliza?"

"Wewe uliugeuza ukiwa umeniuliza?"

"Kwa sababu ulikuwa na kosa!"

"Kosa lilikuwa kwenye wako! Ulininenepeshea shina kimyakimya, nikacheka. Sasa umenigeuzia nyuzi kimyakimya. Kesho utanigeuzia nini?"

"Si ungesema tu kwamba hukubali kukosolewa na mwanamke?"

Hilo hakulimaanisha. Lilimtoka kama sahani inavyoteleza mkononi, na kama sahani, lilipofika chini lilikuwa limeshavunjika. Msanifu akamtazama, akafungua kifungo cha koti.

"Nataka maelezo Jumatatu," Mkurugenzi akasema kwa sauti yake ndogo. "Mkishindwa, tutanunua mapanga kwa wengine, na ninyi mtafute kazi nyingine ya kugombania."

Jioni hiyo, akipita mlango wa ofisi ya Msanifu, Bi Wasiwasi alimsikia kwenye simu. "Ndiyo, kama nafasi bado ipo narudi. Jumamosi, treni ya asubuhi." Ilikuwa kampuni yake ya zamani, mji wa mbali, mitambo ya upepo unaobembeleza. Akaondoka bila kubisha.

Ijumaa alimpigia. Mara ya kwanza ikaita hadi ikakata. Mara ya pili akapokea.

"Kweli unaondoka?"

"Nani amekwambia?"

"Mlango wako mwembamba. Kama mapanga yako."

Siku nyingine Msanifu angecheka. "Wasi, naweza kufanya kazi na mtu anayenibishia. Nilizoea, nikapenda. Siwezi kufanya kazi na mtu anayenirekebisha nikiwa nimegeuka."

"Na kuishi naye?"

Gari likapita upande wa pili wa simu. "Hilo ndilo sijui," akasema, na simu ikakatika.

Jumamosi kulikucha Bi Wasiwasi akiwa ameshafagia nyumba. Akakunja nguo zilizokunjwa. Akafungua dirisha, akalifunga. Mama yake alimkuta amepiga magoti kando ya kochi, macho wazi.

"Unasali au unasubiri simu?"

"Sifiki amina, mama. Kila nikianza najikuta napiga hesabu. Hesabu yangu ni sahihi! Nimeirudia na kuirudia. Lakini na yeye si mjinga, mama. Yule mtu hakosei mambo madogo. Tutakuwaje sahihi sote wawili na panga limevunjika?"

"Mimi sijui mapanga," mama akasema. "Ila swali hilo hujalipata kwenye kochi langu, na jibu lake halimo humu. Nenda. Mwenyezi Mungu anasikia hata mtu akiwa njiani."

Karakana ilikuwa tupu, inanuka gundi. Kalibu ya panga ilikaa katikati, kama bafu refu lililochongwa: ndani yake mafundi hulaza nyuzi, humwaga gundi, na panga likazaliwa. Bi Wasiwasi akavua viatu akaingia ndani. Akasimama pale nyuzi zinapolazwa, akanyoosha mkono kulia kama mshale wa Msanifu. Mkono wake ukaelekea makali ya nyuma ya panga. Vibaya. Akanyoosha kushoto, makali ya mbele. Sawasawa. Hesabu yake ilikuwa sahihi! Angefurahi, lakini hakuna ushindi mchungu kama wa kubaki peke yako nao.

Akapiga simu, akiomba kila mlio uwe wa mwisho.

"Haloo." Nyuma yake watu walikuwa wengi, kipaza sauti kikitangaza treni.

"Sikupigii kukuzuia," akasema, na wote wawili walijua ni uongo. "Niambie kitu kimoja tu. Kwa nini ulitaka nyuzi ziende nyuma?"

"Nani alitaka ziende nyuma? Ziende mbele. Panga lingegeuzaje bega zikienda nyuma?"

"Lakini ulichora kulia."

"Ndiyo. Kulia ni mbele."

"Kulia ni nyuma, Msanifu! Nimo ndani ya kalibu sasa hivi, sina hata viatu. Nimenyoosha mkono wa kulia na umeelekea nyuma!"

"Haiwezekani. Nimelichora panga hilo mpaka naliota. Ukilitazama, kulia ni..." Watu wakaendelea kupiga kelele nyuma yake. "Wasi. Umesema uko wapi?"

"Ndani ya kalibu."

"Ndani."

"Ndani, ndiyo, panga linapo..." Akakaa chini pale pale kwenye kalibu baridi. "Wewe ulikuwa umesimama wapi ulipochora?"

"Nje," akasema polepole. "Kule nilikotoka tunachora tukiwa nje. Kama samaki anavyoliona panga likipita."

"Hapa tunaliona kutoka ndani. Fundi analilaza akiwa ndani. Kompyuta yangu inalihesabu kutoka ndani. Kulia kwako ni..."

"Kushoto kwako."

"Mungu wangu."

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi."

"Na mimi nilikuwa sahihi."

"Ulipougeuza, uliuweka sawa kwa fundi. Nami nikaja nikauharibu."

"Kama ungeuacha..."

"Kama ungeniambia..."

Bi Wasiwasi akasema kwa sauti ndogo, "Unajua kwa nini sikukwambia? Si kiburi. Lilikuwa panga lako la kwanza hapa. Sikutaka Mkurugenzi ajue. Nilitaka kukusitiri."

Upande wa pili kulitoka sauti ambayo hakujua kama ni kicheko au kilio. "Na mimi je? Nilipoona mshale wa kushoto, nilisema huyu mpenzi wangu hajalala, kachoka, kakosea; wakijua watamcheka maana hajawahi kukosea. Nikaurudisha harakaharaka kabla fundi hajafika. Nilikuwa nakusitiri wewe!"

"Tumesitiriana mpaka tumevunja panga."

"Na karibu tuvunje na penzi."

Machozi yalikuwa yanamdondoka ndani ya kalibu, mahali ambapo hata tone la maji haliruhusiwi, na kwa mara ya kwanza maishani hakujali. "Nisamehe lile neno la mbele ya watu. Halikuwa la kweli. Lilikuwa la kuumiza tu."

"Liliumiza."

"Najua. Usipande."

Kipaza sauti kikatangaza. Milango ya treni ikafunguka kwa pumzi ndefu; aliisikia. Watu wakasukumana, mtoto akalia, mtu akasema samahani kaka. Bi Wasiwasi alitaka kusema maneno mengi, kurekebisha, kusukuma, kuongeza tabaka. Akaziba mdomo kwa kiganja. Bwana, hili silishiki mimi, akasali. Na safari hii akafika amina. Milango ikajifunga. Chuma kikasaga juu ya chuma, kikaongeza kasi, kikafifia.

Simu ilikuwa bado hewani.

"Upo?" akauliza.

"Nipo."

"Upo wapi? Nje au ndani?"

"Nje," akasema Msanifu. "Nimebaki na begi langu na mbwa mmoja wa kituo. Usitoke kwenye hiyo kalibu, nakuja."

Jumatatu waliingia kwa Mkurugenzi pamoja, wakaeleza pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake ili abebe lawama, mpaka mama yule akagonga meza. "Basi! Nimeelewa. Mmoja wenu achore samaki pembeni ya mchoro, kuonyesha anayetazama yuko wapi. Na atakayebadilisha chochote humu, hata nukta, amwambie mwenzake kwanza. Kwa mdomo. Mkiweza hilo nawapa panga moja la mwisho."

Ilikuwa kanuni rahisi kuisema. Wiki zilizofuata ziliwatesa. "Nabadilisha unene wa ncha." "Sikubali." "Najua, nakwambia tu." "Nabadilisha boliti." "Kwa nini?" Walibishana asubuhi, wakabishana kwa simu, wakalala wamechoka, ila hakuna aliyerekebishwa akiwa amegeuka.

Panga la pili lilipofungwa ukutani, Bi Wasiwasi hakukaa. Alizunguka karakana kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jeki ikavuta. Ncha ikashuka, ikashuka zaidi, kisha, taratibu kabisa, kama mtu mstaarabu kwenye umati, panga likageuza bega. Vipimo vikatulia. Shina halikutoa hata mnong'ono. Fundi mkuu akapiga mbinja, na Mkurugenzi akaitazama saa yake kubwa ili watu wasione macho yake.

Msanifu akamsogelea katikati ya makofi. Alikuwa amevaa shati ambalo pasi haikulifikia vizuri. Ndivyo alivyojua kwamba mwenzake hakulala.

"Wasi, kuna kitu nataka kubadilisha. Kanuni inasema nikwambie kwanza."

"Sasa? Panga limefaulu! Usiguse chochote!"

"Si panga."

"Nini basi?"

"Anwani yako. Nataka iwe moja na yangu. Nimekwambia kwa mdomo, sasa kataa au ubishe."

Karakana ikazidi kupiga kelele, na kelele hizo hazikumfikia. Kwa mazoea ya miaka, akili yake ilianza kutafuta pa kuvunjikia: akichoka je, nikikosea je, maji yakija kwa hasira je? Maswali yote yalikuja, yakapanga foleni. Akayatazama. Akayaacha yasimame.

"Sibishi," akasema.

"Hubishi? Wewe?"

"Ila mama utamwambia mwenyewe. Kwa mdomo. Na leo leo, kabla sijaanza kupiga hesabu."